Chaja ya kutunza betri: Mwongozo kwa wenye matrekta na magari yanayoegeshwa muda mrefu

WAKULIMA wa mahindi katika viunga vya Kitale hutayarisha mashamba yao mapema mwakani ili mbegu ziwe ardhini mvua ya masika inapoanza kunyesha kati ya Machi na Aprili. Huo ndio wakati trekta lililokuwa limeegeshwa ghalani kwa miezi mingi hutolewa, ufunguo ukazungushwa, na badala ya injini kunguruma ukasikika mlio mdogo wa stata, kisha kimya.

Siku hiyo hupotea. Fundi huitwa, betri ya kuazima hutafutwa, na jirani aliyekuwa amelipia ekari zake zilimwe huenda kwa mwenye trekta jingine. Mara nyingi betri hiyo haikuwa mbovu iliponunuliwa, wala haikuchoshwa na kazi. Iliharibika ikiwa imepumzika.

Katika kaunti jirani ya Bungoma, tatizo hilo huwapata wenye matrekta ya kubeba miwa. Mnamo Julai 2023, Mamlaka ya Kilimo na Chakula (AFA) ilisimamisha usagaji wa miwa katika viwanda vya magharibi mwa nchi kutokana na uhaba wa miwa iliyokomaa, na shughuli hiyo haikurejelewa hadi mwisho wa Novemba mwaka huo. Trekta lililotegemea kazi hiyo pekee lilikuwa na zaidi ya miezi minne ya kukaa. Mabasi ya shule nayo yalipata likizo ndefu zaidi: shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19 na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi Januari 2021.

Kuna pia magari ya watu wanaofanya kazi Nairobi au ng'ambo, ambayo huachwa nyumbani Webuye, Kimilili au Chwele yakingoja mwenyewe arudi Desemba, au Agosti ya mwaka wa tohara, ambao kwa Wabukusu huwa ni ule unaogawika kwa mbili. Mwenye gari hushuka kwenye basi la usiku akiwa na ufunguo mfukoni, na asubuhi gari haliwaki.

Kifaa kilichoundwa kuzuia hasara hii ni chaja ndogo ambayo huachwa imeunganishwa na betri wakati wote gari linapokuwa limeegeshwa. Kwa makala haya itaitwa kitunza betri, ili isichanganywe na chaja ya kawaida ya fundi. Katika nchi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini huuzwa hasa kwa ajili ya majira ya baridi, na maelezo mengi yaliyo kwenye vifurushi vyake yanahusu theluji na barafu. Mnunuzi wa Kitale anaweza kuyapuuza hayo. Shida ya hapa ni kukaa, pamoja na umeme unaokatika.

Betri hufaje ikiwa imepumzika?

Betri ya kawaida ya gari ni ya madini ya risasi na asidi ya salfa, aina iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka wa 1859 na ambayo msingi wake haujabadilika. Ndani yake mna vyumba sita, kila kimoja kikitoa takriban volti 2.1. Inapotoa umeme, mabamba yake ya risasi hufunikwa na salfeti ya risasi. Inapochajiwa, salfeti hiyo hugeuka tena kuwa risasi na asidi. Mradi isikae muda mrefu ikiwa nusu tupu, betri hudumu kwa miaka. Ikiachwa hivyo kwa wiki nyingi, chembe laini za salfeti hukua zikawa fuwele ngumu ambazo chaja haiwezi tena kuziondoa. Sehemu ya bamba iliyofunikwa na fuwele hizo huwa haifai tena.

Chaji hupotea kwa njia mbili, na anayetaka kununua kitunza betri anapaswa kwanza kujua ni ipi inayomhusu zaidi.

Njia ya kwanza ni betri kujipotezea chaji yenyewe hata ikiwa haijaunganishwa na chochote. Betri za kisasa zilizofungwa, ambazo huchanganywa kalisi katika mabamba, hupoteza asilimia chache tu kwa mwezi. Zile za kizamani za kuongezwa maji hupoteza zaidi. Joto huharakisha upotevu huo: kila joto linapopanda nyuzi 10, kasi huongezeka takriban maradufu. Kwa hilo, Kitale, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, una nafuu kuliko Bungoma iliyo karibu mita 1,400, na nafuu kubwa kuliko Mombasa. Hata hivyo, banda la mabati lisilo na dari hupata joto kali adhuhuri popote lilipo.

Njia ya pili ni gari lenyewe kunyonya betri likiwa limezimwa. King'ora, saa, redio na kompyuta ya injini huendelea kutumia umeme kidogo kidogo. Gari linalonyonya ampea 0.05, kiasi ambacho mafundi wengi hukiona kuwa cha kawaida, hutumia ampea-saa 1.2 kwa siku. Kwa betri ya ampea-saa 60, nusu ya chaji huwa imekwisha baada ya siku 25. Kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti kikiongezwa na fundi asiye makini, muda huo hupungua zaidi.

Trekta kuukuu lisilo na kompyuta wala redio halinyonyi karibu chochote. Mwenye trekta kama hilo anaweza kutenganisha waya wa ncha hasi au kufunga swichi ya kukata betri, kisha akaichaji mara moja kila mwezi au kila miezi miwili. Hana haja ya kununua kitunza betri, ingawa muuzaji atamwambia vingine. Gari la kisasa ni jambo jingine: ukitenganisha betri, king'ora hunyamaza, redio nyingine hudai nambari ya siri, na madirisha ya umeme huenda yakahitaji kupangwa upya.

Wapo wanaomwachia mlinzi ufunguo ili awashe gari dakika tano kila Jumamosi. Desturi hiyo haisaidii sana. Stata yenyewe hutumia chaji kidogo, kwani hufanya kazi kwa sekunde chache tu, lakini chaji iliyopotea wiki nzima hairudishwi na dakika tano za injini kuzunguka polepole. Betri ya risasi hupokea chaji kwa haraka ikiwa tupu na kwa uvivu mkubwa inapokaribia kujaa. Sehemu ya mwisho huchukua saa kadhaa. Isitoshe, injini isiyopata moto hukusanya maji katika oili na katika bomba la moshi. Ikiwa ni lazima gari liwashwe, heri liendeshwe kutoka Bungoma hadi Webuye na kurudi.

Imani nyingine iliyoenea ni kwamba betri ikiwekwa juu ya sakafu ya saruji huishiwa na chaji. Ilikuwa na msingi zamani, visanduku vya betri vilipotengenezwa kwa mbao au mpira mgumu. Visanduku vya plastiki vya leo havipitishi umeme, na ubao ambao wengi huuweka chini yake hauna kazi isipokuwa kuzuia unyevu.

Pima kabla ya kununua

Mita ndogo ya volti huuzwa katika maduka mengi ya vifaa vya umeme. Betri ikiwa imepumzika saa kadhaa baada ya kuchajiwa au kuendeshwa, volti 12.6 hadi 12.7 humaanisha imejaa, 12.4 ni takriban robo tatu; 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Na chini ya 11.9 betri ni tupu. Ikishafika 12.4 inastahili kuchajiwa. Anayengoja hadi stata ilegee amekwisha kuchelewa.

Kitunza betri hakifufui betri iliyokufa. Vingi vya kisasa hupima volti kwanza, na vikikuta zimeshuka mno hukataa kabisa kuanza kazi, vikidhani kwamba hakuna betri iliyounganishwa au kwamba ina hitilafu. Matangazo kwenye vifurushi hudai kwamba mapigo maalumu ya umeme huvunja fuwele za salfeti. Kwa betri iliyokaa vibaya wiki chache huenda kukawa na nafuu. Kwa iliyokaa mwaka mzima, mnunuzi asiweke tumaini lake hapo.

Aina ya betri na ukubwa wa kifaa

Magari madogo, pikapu na matrekta mengi hutumia volti 12. Malori na mabasi mengi ya shule, yakiwemo mengi ya Isuzu na Mitsubishi Fuso, hutumia volti 24 kwa kuunganisha betri mbili. Kitunza betri cha volti 12 hakifai kuunganishwa na jozi hiyo kwa pamoja. Hutakiwa kimoja cha volti 24, au viwili vya volti 12, kila kimoja kwenye betri yake.

Betri ya kawaida ya maji hukubali kujazwa hadi takriban volti 14.4. Ile ya AGM, ambayo asidi yake imefyonzwa katika mikeka ya nyuzi za kioo, huhitaji karibu kiasi hicho au zaidi kidogo lakini huharibika upesi ikizidishiwa, kwa kuwa maji yake hayawezi kuongezwa. Aina hii imeingia nchini pamoja na magari ya haiburidi kutoka Japani. Toyota Prius, kwa mfano, ina betri ndogo ya volti 12 nyuma, mbali na ile kubwa inayosukuma gari, na hiyo ndogo ndiyo hufa gari likiegeshwa. Kwa gari kama hilo, kifaa kiwe na mpangilio ulioandikwa AGM. Betri ya lithiamu inahitaji kifaa chake mahususi.

Kuhusu ukubwa, wauzaji hupenda kusifu ampea nyingi. Kazi ya kutunza haihitaji nguvu. Ampea 1 hutosha betri ya gari dogo, na hata ile ya ampea-saa 100 ya trekta, ikiwa ilikuwa imejaa mwanzoni. Kwa betri mbili kubwa za lori, ampea 4 au 5 zinafaa. Asiyeelewa hili hununua kifaa cha ampea 1, akakiunganisha na betri tupu ya trekta, kisha akalalamika kwamba hakifanyi kazi. Kwa kasi hiyo betri ya ampea-saa 100 huchukua zaidi ya siku nne kujaa. Ni bora ijazwe kwanza kwa chaja kubwa ya fundi, kisha ndipo ikabidhiwe kitunza betri.

Nambari zilizobandikwa betri za mtindo wa Kijapani husaidia kukadiria. N70 ina karibu ampea-saa 70 na N150 karibu 150. Zenye herufi NS hazifuati hesabu hiyo: NS60 ina takriban 45.

Kushuka kwa volti, na umeme unaporejea

Tofauti kati ya kitunza betri na chaja ndogo ya bei nafuu haionekani kwa macho. Zote mbili zina taa, waya na vibanio viwili. Chaja ya kizamani husukuma umeme bila kukoma, iwe betri imejaa au la. Ikiachwa mwezi mzima, huchemsha maji ya betri hadi mabamba yakabaki wazi. Kitunza betri cha kweli hujaza hadi takriban volti 14.4, hushikilia hapo mpaka betri iache kupokea umeme mwingi, kisha hushuka chenyewe hadi kati ya volti 13.2 na 13.8 na kubaki hapo. Vingine huzima kabisa na kuamka volti zinaposhuka. Kipimo ni rahisi: kikiwa kimeunganishwa na betri iliyojaa kwa siku moja, mita ya volti haipaswi kusoma 14 na kitu. Ikisoma hivyo, kifaa hicho kisiachwe bila mtu.

Jambo la pili ndilo ambalo wanunuzi wa Kitale na Bungoma wangelitanguliza mbele ya mengine yote, ingawa vitabu vya maelezo hulitaja kwa nadra. Je, umeme ukikatika kisha ukarudi, kifaa huendelea na kazi chenyewe?

Vifaa vingi vyenye kitufe cha kuchagua aina ya betri husahau kilichochaguliwa umeme unapokatika. Umeme ukirudi, taa moja huwaka kuonyesha kwamba kiko tayari, na hapo hungoja mtu aje abonyeze kitufe. Nyumbani ambako hakuna mtu, hungoja hadi Desemba. Mwenye gari aliye Nairobi huamini betri yake inatunzwa, kumbe kazi ilikoma usiku wa kwanza wa radi, au siku tokeni za mita zilipokwisha. Baya zaidi, baadhi ya vifaa hivyo vikiwa vimekosa umeme wa ukutani hunyonya kidogo kutoka kwa betri yenyewe.

Jaribio linaweza kufanywa dukani. Kifaa kiunganishwe na betri, kichaguliwe mpangilio, taa ya kuchaji iwake. Kisha kichomolewe ukutani kwa dakika mbili au tatu na kuchomekwa tena. Taa ya kuchaji ikirudi bila kuguswa, kinafaa. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kutoa jibu.

Magharibi mwa Kenya hupata radi nyingi, na umeme unaporudi baada ya kukatika huweza kuja kwa nguvu kupita kiasi. Kifaa cha kulinda friji ambacho familia nyingi tayari wanacho hufaa pia kulinda kitunza betri. Mnunuzi asome vilevile maandishi ya nyuma: umeme wa Kenya ni wa volti 240. Vifaa vinavyoletwa na jamaa kutoka Marekani huweza kuwa vya volti 120 pekee, na vya Japani volti 100. Adapta ya plagi hubadilisha umbo la miguu yake, haibadilishi volti. Kifaa cha aina hiyo huungua mara moja. Stika ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) nayo iangaliwe.

Gharama ya umeme isimtishe mtu. Kifaa kinachotumia wati 5 mchana na usiku hula yuniti 3.6 kwa mwezi.

Mahali pasipo na umeme

Maghala mengi ya Endebess, Kiminini na Cherangany hayana soketi karibu na trekta. Hapo paneli ya sola hufaa, na kwa hakika hukwepa taabu yote ya umeme kukatika. Paneli ya wati 10 hutoa karibu nusu ya ampea jua linapokuwa kali, na kwa saa nne au tano za jua zuri hurudisha zaidi ya ampea-saa 2 kwa siku. Kiasi hicho hupita kile ambacho gari la mfano uliotajwa hapo juu hunyonya.

Masharti ni mawili. Paneli iwe juu ya paa au mahali penye jua wazi, si ndani ya kioo cha gari lililo chini ya mti. Pia pawe na kidhibiti chaji kati ya paneli na betri, ili kuzuia betri kuzidishiwa mchana na paneli kuinyonya usiku. Paneli ndogo mno za kubandikwa kwenye dashibodi, zenye wati 1 au 2, hazifikii unyonyaji wa gari la kisasa. Zinafaa trekta kuukuu, ambalo kama ilivyoelezwa halihitaji mengi.

Usalama

Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche ndogo. Wengi huondoa betri kwenye trekta na kuilaza ndani ya nyumba kwa kuhofia wezi, na hofu hiyo ina sababu. Lakini isichajiwe katika chumba cha kulala wala karibu na jiko. Stoo yenye dirisha inafaa zaidi.

Kibanio chekundu huunganishwa kwanza na ncha chanya, kisha cheusi na chuma cha gari mbali kidogo na betri. Plagi huingizwa ukutani mwisho. Wakati wa kutoa, utaratibu huo hugeuzwa. Kifaa kisiwekwe juu ya magunia ya mahindi au nyasi kavu, kwani huwa vuguvugu saa zote. Waya upitishwe ndani ya bomba la plastiki, maana penye mahindi pana panya, na panya hutafuna waya wa umeme kama wanavyotafuna gunia. Betri ya kuongezwa maji ifunguliwe kila mwezi na kuongezwa maji safi ya betri, yale yasiyo na asidi wala chumvi. Maji ya bomba na ya kisima hayafai.

Betri iliyokufa kabisa irudishwe kwa muuzaji, ambaye mara nyingi hupunguza bei ya mpya. Isivunjwe nyumbani. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kilisababisha wakazi kudhuriwa na sumu ya risasi. Mahakama ya mazingira iliamuru Julai 2020 walipwe Sh1.3 bilioni, na baada ya amri hiyo kubatilishwa katika rufaa, Mahakama ya Juu iliirejesha Desemba 2024.

Kutofautisha iliyokufa na iliyolala tu si kazi ngumu. Betri ichajiwe hadi ijae, itenganishwe, na iachwe siku tatu bila kuunganishwa na chochote. Ikisoma volti 12.5 au zaidi, bado ina maisha. Ikiwa imeanguka hadi karibu 10.5, chumba kimoja kati ya sita kimekufa, na hakuna kitunza betri, cha bei yoyote, kitakachokirudisha.